Mlango wa Teksi ya Njano

"Kijiko, hapa Chungu. Supu inapoa. Narudia, supu inapoa."

Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya dengu, ndani ya sikio la kushoto la Nohora Quitián. Askari huyu alikuwa kazini, amejifanya mtalii. Alikuwa amekaa kiti cha tatu katika ukumbi wa hoteli moja ya La Candelaria, Bogotá, kofia ya kijinga ya kitalii kichwani, kipochi cha pasi ya kusafiria kimefungwa tumboni, akimsikiliza mtu anayewafundisha wageni jinsi ya kutoibiwa.

Supu inapoa. Maana yake genge limekwisha kumchagua mgeni wa leo.

Mwalimu huyo aliitwa Evelio Sarmiento. Hoteli ilimpenda, na wageni walimpenda zaidi. Kila asubuhi alisimama pale na suti yake ya rangi ya maziwa, ananukia marashi mpaka kahawa ya watu inabadilika ladha.

"Wapendwa wangu," alisema, "mtaani usipokee karatasi ya mtu. Inaweza kuwa na unga wa kupumbaza akili. Usinywe kitu ulichopewa na usiyemjua. Teksi usiisimamishe barabarani. Panda hizi za hapa nje, zenye kibandiko cha bluu kiooni. Na pasi usiiache chumbani, jamani! Ibebe tumboni, pamoja na pesa na simu. Nawapenda kama wanangu."

Nohora alisikia kinyaa. Alidhani ni yale marashi.

Pembeni yake Mama Ilse Brandauer, Mwaustria wa miaka sitini na saba, alikuwa akiandika kila neno kwenye daftari. Mtaalamu wa viazi. Jana alikuwa amemwonyesha Nohora kopo la vidonge vya moyo, huku akicheka.

"Daktari wangu alinikataza kupanda huku juu milimani. Nikamwambia, wewe nawe, unataka viazi vinifuate Vienna?"

Nohora alimpenda palepale. Na ndiyo maana alikuwa na wasiwasi. Mwezi ule wageni wawili walikuwa wamekutwa kwenye mabenchi ya bustani, wamekaa wametulia, hawana pasi. Hawana uhai pia. Unga ule humfanya mtu atii kila anachoambiwa. Mwenye moyo mzima hulala siku mbili akaamka. Wale wawili mioyo yao ilikuwa mibovu.

Somo lilipokwisha aliingia chooni, akafungua bomba, akasogeza saa yake ya Casio mdomoni.

"Chungu, hapa Kijiko. Ni nani?"

"Yule bibi wa viazi. Tumenasa simu yao. Anapanda teksi sasa hivi."

"Mzuieni."

"Thubutu!" Kanali Barragán, mkuu wake wa polisi, alikuwa anatafuna kitu. "Pikipiki yetu inamfuata. Wakishampa unga ndipo tunaingia. Kabla ya hapo hatuna kesi."

"Afande, yule mama ana moyo mbovu. Unga utamuua."

"Hilo halimo kwenye ripoti yangu."

"Si ndiyo nakwambia!"

"Quitián, usinitie kisirani Jumapili yote hii. Akifa, basi, kesi itakuwa nzito zaidi."

Nzito zaidi.

Nohora alitema mate kwenye beseni. Watu wa namna hii ndio wanaopewa nyota za mabegani! Alitoka mbio.

Mlangoni alikuta mvua ya rasharasha. Teksi ya Ilse imekwisha ondoka.

"Kijiko..." Sauti ya Kanali ilikuwa imeshuka. "Pikipiki imekwama. Barabara ya Saba imefungwa, baiskeli tupu. Tumempoteza."

"Afande, leo Jumapili. Mtoto wa chekechea wa mji huu anajua Jumapili ile barabara ni ya baiskeli."

Sikioni, kutafuna kulikoma. Kisha mtu akimeza.

Ilibaki teksi moja tu, Hyundai ndogo ya njano, kibandiko cha bluu kiooni. Nohora alijitupa kiti cha nyuma na kuubamiza mlango kwa hasira zake zote. Kioo kilitetemeka.

Akajikunyata kusubiri matusi.

Dereva wa teksi wa Bogotá unaweza kumtapikia kwenye kiti, akakusamehe. Lakini mlango? Atakugeukia hata kama wewe ni padri. "Taratibu, bibie! Kwenu hakuna friji?" Yaani, mlango wa gari ufunge kwa upole kama wa friji ya kwenu. Baba yake Nohora aliendesha teksi miaka thelathini, na maneno hayo alimwambia binti yake siku ya harusi, shela na yote.

Huyu hakusema kitu.

Hakutazama hata kwenye kioo. Alitabasamu tu.

Gari si lake, aliwaza Nohora. Gari la wizi hili. Na nani aliwaambia wageni wapande zenye kibandiko cha bluu? Nani aliwaambia wabebe pasi tumboni? Kile kinyaa cha asubuhi kilirudi, na safari hii kilikuwa na jina: Evelio. Nasaha tatu za kweli, na mbili zilizooza katikati yake.

Hakuwa na haja ya kumfukuza mtu tena. Alichotakiwa ni kuwa mjinga.

"Naomba nifike makumbusho," alisema kwa lafudhi ya kigeni, huku akijipangusa pua. Kwa kidole kimoja alisukuma vichujio viwili ndani ya matundu.

"Bila shaka, malkia wangu. Shika ramani hii, ni bure."

Ramani ilikuwa na unga mweupe kwenye mikunjo. Nohora aliifungua karibu na uso, akavuta pumzi ndefu, akaacha taya lilegee.

"Nipe kipochi," alisema dereva baada ya dakika chache.

Akampa. Hakupekuliwa zaidi. Wageni wa Evelio hubeba kila kitu tumboni, wamefundishwa. Bastola yake, Glock 43, ilibaki imetulia kwenye kifundo cha mguu.

Gari liliingia mtaa wa Siete de Agosto, kwenye gereji za magari. Jumapili milango yote ya chuma imeshushwa. Mmoja uliinuliwa, ukashushwa nyuma yao.

Ndani kulikuwa na harufu ya grisi. Na marashi.

Mama Ilse alikuwa amekaa juu ya kreti, mkoba mapajani, mzima na mkali. Mbele yake alisimama Evelio, aliyetoka hotelini kabla ya Nohora, na kikombe cha chai. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa pasi za watu.

"Nimesema sinywi!"

"Mama yangu, majani ya koka tu haya, ya kukusaidia na huu mwinuko."

"Wewe mwenyewe asubuhi umesema tusinywe kitu cha mtu. Nimeandika hapa! Hata ramani ya yule dereva wako aliyenileta kisha akaondoka, nilimrudishia."

Evelio alijifuta jasho, akamgeukia dereva aliyemleta Nohora na kunong'ona. "Kumlazimisha siwezi. Maiti yenye michubuko inaleta maswali." Alisema hivyo kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akamwona Nohora. "Huyu kalainika?"

"Kama siagi, bosi."

"Simama wima, binti."

Nohora akasimama.

"Tabasamu."

Akatabasamu. Meno yalimuuma.

"Mzuri wewe. Mpelekee rafiki yako chai, mwambie ni salama." Akampapasa shavu kwa kidole chenye marashi. Nohora alitamani kuichuna ngozi ile aitupe. Akapokea kikombe.

Hatua sita.

Uso wa Mama Ilse ulichangamka. "Kumbe na wewe upo! Unasema ni salama? Basi, ikiwa ni wewe, nitakunywa." Akanyoosha mkono.

"Mama Ilse," alisema Nohora polepole, "inama."

Bibi aliinama bila kuuliza.

Nohora aligeuka na kumwagia chai yote Evelio, ambaye alikuwa ameachama kutoa amri nyingine. Nusu ilimwingia kinywani. Alimeza, akapaliwa, akakohoa. Dereva akachomoa kisu.

Glock ilikohoa mara moja.

Kisu kilianguka. Dereva akaanguka juu yake, ameshika goti, akimwita mama yake mzazi.

"Mlango nilipoubamiza ulinyamaza, sasa ndiyo unajua kusema," Nohora alimwambia.

Baada ya robo saa macho ya Evelio yalikuwa meusi tii, na mdomo umelegea.

"Kaa."

Akakaa sakafuni na suti yake.

"Mnunuzi wa pasi yuko wapi?"

"Uwanja wa ndege wa El Dorado," alijibu kwa adabu. "Koti la kijani. Ndege ya saa nane mchana."

"Wale wawili waliokufa, nani aliwapa unga?"

"Mimi."

"Ulijua wana mioyo mibovu?"

"Waliniambia wenyewe. Wageni huniambia kila kitu." Akatabasamu, mate yakamdondokea kifuani. "Nawapenda kama wanangu."

Nohora aligeuza uso. Kisha akainua saa.

"Chungu, hapa Kijiko. Koti la kijani, El Dorado, saa nane. Na msipite barabara ya Saba."

Mwenye koti la kijani alikamatwa kwenye foleni ya ukaguzi, viatu mkononi.

Kanali Barragán aliwasili gereji na Toyota yake mpya, viti bado vina nailoni. Mama Ilse akakalishwa nyuma, ametupiwa blanketi mabegani.

"Umeona, Quitián?" Kanali alisema huku akipiga tumbo. "Mpango wangu wa chambo umefaa. Huyo bibi nani jina lake... basi, atanisainia maelezo, halafu atafute usafiri arudi hotelini."

Nohora alimpita. Alifungua mlango wa Toyota, akamshika Mama Ilse mkono.

"Twende tukale ajiaco, mama. Ile supu ina viazi vya aina tatu."

"Aina tatu? Kwenye chungu kimoja?" Bibi alikuwa amekwisha shuka, anatafuta daftari.

Nohora aliushika mlango kwa mikono miwili, akaubamiza. Kioo kilishuka chenyewe ndani ya fremu.

"We mwanamke!" Kanali alipiga ukelele, akaruka kuipapasa rangi ya gari. "Kwenu hakuna friji?"

Siku nzima ile, ndiyo mara ya kwanza Kanali kupaza sauti.

Nohora hakugeuka. Alivua kofia ya kitalii, akaitupa kwenye pipa la taka, akamfungulia Mama Ilse mwavuli.