Nishikie Mtoto

Isaka alipopata barua ya uhamisho kwenda Kigoma, hakuuliza habari za nyumba wala za shule. Aliuliza huko kuna nini cha kuwinda. Kwao Iramba alikuwa mtu wa kanga na kwale, mtu wa kutoka na umande na kurudi na miiba kwenye soksi. Castory, dereva wa ofisi ya ardhi, mzaliwa wa Kagunga, ndiye aliyemvunja moyo na kumtia moyo kwa wakati mmoja.

"Bosi, kanga wasahau. Ukipanda Kalinzi utakuta kahawa na migomba tu. Lakini ziwa hili lina kuhe, samaki wa kukutegua mkono."

Basi ikawa kuhe. Castory alimwonyesha jabali moja mbele ya Kibirizi, mahali ambapo mitumbwi haifungwi, akamfundisha kutupa mshipi. Wiki zikapita. Isaka alipata visamaki vya kukaanga na chumvi. Kuhe hakumwona.

Jioni hiyo alirudi kutoka Simbo, alikokuwa akipima viwanja tangu asubuhi. Simu ilikuwa imeisha chaji. Mkewe, Joanitha, alikuwa amemwambia wakati anatoka kwamba kitoweo cha leo ni juu yake, kwa hiyo hakupita nyumbani. Alishukia barabarani, akakata kijia cha kuteremka ziwani, mshipi begani, ndoo mkononi.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Congo. Ziwa lilikuwa limetulia. Limetulia mno. Hata wale ndege weupe wanaokaaga juu ya jabali hawakuwapo.

Alitupa mshipi. Akangoja.

Ukavutwa.

Si kuvutwa kule kwa visamaki. Huu ulikuwa mvuto wa kitu kizito kinachojua kinakokwenda. Uzi ukamkata vidole, naye akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kuhe! Akakita miguu, akaanza kuvuta.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Harufu ya tope la chini kabisa, tope lisilopigwa na jua...

"Mwiriwe, baba."

Salamu ya jioni ya wenyeji, kwa sauti ya chini, ya upole. Isaka aligeuza kichwa tu. Mwanamke alikuwa amesimama ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, karibu kabisa na jabali. Kitenge cha njano chenye picha za ndege kilikuwa kimemganda mwilini. Mikono yake ilikuwa imeinuliwa, na juu ya mikono hiyo kulikuwa na mtoto mchanga, uchi, analia kwa sauti iliyokauka.

"Nishikie mtoto."

"Subiri kidogo, mama," Isaka alisema. Uzi ulikuwa unamponyoka.

"Nishikie, baba. Mikono imechoka."

"Nimesema subiri!"

Hakusikia tena neno. Alisikia kilio cha mtoto tu, mara kipo, mara hakipo, naye akawa anajiambia, nikimaliza hiki, nikimaliza hiki. Samaki alipotua juu ya jabali, mkubwa, mapezi yakipiga mwamba, Isaka aligeuka huku anahema kwa furaha.

Hakuna mtu.

Maji yalikuwa laini kama kioo. Hata kiduara kimoja cha mawimbi hakikuwapo. Harufu tu ndiyo iliyobaki.

Atakuwa amepandia upande wa pili, alijiambia. Alijua upande wa pili ni ukuta wa mawe. Alijiambia hivyo hivyo, akatia samaki kwenye ndoo na kuondoka kwa haraka, bila kutazama nyuma.

Joanitha alimpokea mlangoni, macho mekundu.

"Ulikuwa wapi? Umesikia? Boti ya kutoka Kagunga imezama mchana. Wengi wameokolewa. Mama mmoja amefariki, mtoto wake hajaonekana mpaka sasa."

Isaka aliweka ndoo chini taratibu.

"Huyo mama... wamempata saa ngapi?"

"Mchana huo huo. Mwili umelazwa zahanati, nimetoka kuuona. Ni Jovita, mdogo wake Honorata yule muuza dagaa."

"Amevaa nini?"

Joanitha alimshangaa. "Kitenge cha njano. Cha ndege. Kwa nini?"

Isaka alisema hamna kitu.

Hamna kitu! Akaenda kunawa. Angeweza kutoka muda ule ule, akimbie mpaka jabalini. Alikaa. Miguu ilikataa kurudi kule kwenye giza na harufu ile. Joanitha alipika kuhe, akapakua ugali, naye akala, kwa sababu asingekula angeulizwa.

Nusu ya sahani ikamshinda. Alisimama ghafla, akaazima simu ya mkewe, akampigia Castory.

"Njoo na tochi. Usiniulize."

Castory hakuuliza mpaka walipofika, Isaka akamweleza juu ya mwanamke aliyesimama majini. Ndipo alipogoma kushuka. "Bosi, mtu gani alisimama hapa? Hapa hapasimamiki. Mianzi miwili ukiiunga haigusi chini."

Isaka alikuwa tayari anashuka. Alikuwa amesikia kitu. Kidogo sana... kama paka aliyefungiwa mbali.

Mtoto alikuwa juu ya jabali, pale pale alipokuwa amesimama yeye akivuta samaki. Amelazwa chali, miguu imeelekezwa nchi kavu. Amelowa. Mdomo wa bluu. Karibu naye mwamba ulikuwa na alama mbili za viganja vya maji, kama za mtu aliyejiinua kutoka ziwani akarudi.

Walimkimbiza zahanati kwa bodaboda, Isaka amemweka ndani ya shati, kifuani. Tabibu, Frida, alimpasha joto, akamsugua, akampulizia. Chumba cha pili mlango ulikuwa wazi. Isaka aliona miguu ya maiti imetoka chini ya shuka. Ilikuwa ikidondosha maji sakafuni.

Alfajiri mtoto akafa.

"Baridi imemmaliza," Frida alisema, akikwepa macho yake. "Kama angepatikana mapema..."

Msibani watu walimshika Isaka mkono. Mgeni mwenye utu, walisema. Mgeni aliyekwenda kumtafuta mtoto asiye wake. Honorata alipiga magoti mbele yake, akalia, akamwombea baraka. Isaka alitamani ardhi ipasuke. Walipomzika mama na mwanawe kaburi moja, alishindwa. Alimfuata Honorata nyuma ya nyumba, alipokuwa anasuuza sufuria.

"Dada, nisikilize. Nilimwona mapema. Jioni. Aliniomba nimpokee mtoto, mimi nikawa..."

"Najua," Honorata alisema.

Isaka alirudi nyuma hatua moja.

"Nani amekwambia?"

"Yeye. Jioni ile ile, kabla hamjaleta mtoto. Alisimama pale mlangoni analowesha sakafu." Honorata alinong'ona, macho kwenye sufuria. "Akasema nisilie. Akasema yuko baba mmoja jabalini, anamalizia kuvua, atampokea. Nikadhani ni uchungu unanichanganya. Nikajifunika shuka." Akamwaga maji ya sufuria. "Na mimi nilijifunika shuka, kaka."

Ndani, wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Tangu siku hiyo," Isaka aliuliza, "amekuja tena?"

Honorata aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake, akatazama kwa muda, kisha akainamisha macho haraka.

"Kwangu," alisema, "hapana."