Mafundo Mawili ya Nyasi

Siku ya kuchagua bunduki ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Enock alikunywa chai kwa maandazi, akamwachia mkewe Dorka ufunguo wa duka lao la vifaa vya ujenzi pale Nyamisangura, mjini Tarime, akapanda gari na binamu yake Mogesi kwenda Mwanza. Kibali alikuwa nacho mfukoni, kimekunjwa mara nne. Njia nzima walicheka.

Enock alitaka bunduki moja ya kazi zote. Swala, pofu, na nyati akitokea. Muuza silaha alisikiliza, akaweka mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, ya risasi kubwa za 375, kitako chake kimechubuka. Ya pili ilikuwa nyepesi, mbao zake zinang'aa kama kabati la sebuleni.

Mogesi alikuwa mtu wa porini, kwao ni upande wa Ikoma, na kazi yake ilikuwa kusoma nyayo. Aliinyanyua ile nzito, akaipima mikononi.

"Chukua hii, binamu. Itakuumiza bega, lakini mnyama hatateseka. Anaanguka palepale."

"Na hii nyingine?"

"Kwa swala haina shida," muuzaji akadakia. "Kwa nyati, mzee, inataka mkono uliotulia sana."

Sasa Enock aliwahi kupiga bunduki kubwa mara moja, kwa rafiki yake, ikamrusha akakaa chini, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hilo hakumwambia mtu. Akasema tu kwamba nyepesi ni nzuri kwa kutembea nayo. Wapo wanaochagua bunduki kwa kumfikiria mnyama, na wapo wanaochagua kwa kulifikiria bega lao. Alilipa, wakarudi.

Mwezi uliofuata waliingia porini, wilaya ya Serengeti, leseni mkononi, wao wawili tu. Kuna jambo inabidi ulijue kuhusu Mogesi na watu wa kwao. Mnyama akijeruhiwa, damu haiachwi njiani. Aliyemjeruhi hutangulia mbele kuifuata, hata kama damu imeingia kichakani, hata kama mnyama ni nyati. Msoma nyayo huja nyuma yake, na kila palipo na tone hulaza unyasi mmoja wenye fundo moja, ncha ikielekea alikokwenda mnyama. Maana yake: amepita hapa, fuata. Mnyama akishaanguka, unyasi wa mwisho hufungwa mafundo mawili. Maana yake: amepatikana, leteni visu.

Saa nne asubuhi nyati dume alisimama ukingoni mwa kichaka. Enock alilenga nyuma ya bega la kushoto. Mkono ulitetemeka kidogo tu. Bunduki ikalia, na baada yake akasikia risasi ikigonga, kama kofi kwenye godoro lililolowa maji. Nyati akapiga goti. Akanyanyuka. Akaingia kichakani.

Mogesi alikuwa nyuma ya kichuguu, hakuona. Akaja anakimbia kwa kunyata.

"Umempata?" alinong'ona.

Enock alikitazama kichaka. Kilikuwa kimefungamana, giza ndani mchana kweupe. Yeye ndiye angetangulia. Akaitazama ile bunduki yake nzuri, nyepesi.

"Sijampata. Imepita juu."

"Mbona nimesikia imegonga nyama?"

"Umesikia mti."

Mogesi hakumwamini sana, lakini alimpenda.

"Sawa," akasema. "Mwenye bunduki ni wewe."

Wakageuka. Enock alirudi Tarime jioni ileile. Asubuhi ya pili, Mogesi alipita njia ya kichaka kile kwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Hakubeba hata mkuki, maana aliambiwa hakuna mnyama aliyejeruhiwa. Steven, mdogo wake, ndiye aliyepiga simu. Alilia kwanza, halafu ndipo akasema.

Msibani Enock alibeba jeneza mbele. Watu walimpa pole kuliko ndugu wa damu. Kila pole ilimchoma. Alitaka kusema, wallahi alitaka, lakini kila alipofungua mdomo mtu alimpa kiti.

Halafu maneno yakaanza. Nyati hawezi kumvamia mtu kama Mogesi hivihivi, watu walisema. Mtu anayejua nyayo kama kiganja chake! Huyu ni nyati wa kutumwa. Na wa kumtuma alikuwa nani kama si Nyangi, mama wa kambo wa Mogesi, kikongwe anayeishi peke yake, aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba? Ikapangwa kikao Jumamosi. Akionekana ana hatia, atafukuzwa na nyumba yake itachomwa.

Nyangi alimfuata Enock nyuma ya jiko la msibani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alimshika mkono, vidole vyake vikavu. "Wewe ulikuwa naye siku ile. Waambie alikuwa nyati tu. Nyati wa Mungu. Watakusikia."

"Nitawaambia, mama."

Hakuwaambia. Akaondoka siku ileile.

Jumatano, akiwa njiani kupeleka mabati Nyarero, alisimamisha gari ajisaidie. Karibu na tairi la mbele palikuwa na unyasi mmoja mrefu, mwekundu wa porini, umelazwa vizuri kwenye vumbi. Una fundo moja. Ncha imeelekea Tarime.

Chini yake palikuwa na tone la damu. Lilikuwa bado bichi.

Alijiambia ni watoto wa shule wanacheza. Alhamisi asubuhi akaukuta mwingine kwenye ngazi ya duka. Nyasi za namna ile haziko mjini. Akaupiga teke mtaroni. Mchana akaukuta getini kwake. Fundo moja. Ncha imeelekea mlangoni.

Ijumaa ulikuwa kwenye kizingiti cha mlango, ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Enock alielewa. Moyo wake ulielewa kabla ya akili. Mogesi hakuwahi kuacha damu njiani, na hata hii hakuiacha.

Jumamosi aliendesha gari mpaka kikaoni. Nyangi alikuwa amekaa chini katikati, kitenge kimoja, mfuko wake wa nguo ubavuni. Alikuwa ameshafungasha. Enock akaomba kusema, na watu wakanyamaza kwa heshima.

Sentensi moja tu ilihitajika. Nilimjeruhi nyati, nikadanganya, kwa woga. Aliifikisha mpaka kwenye meno. Akaona nyuso zote zile. Akamwona Steven anavyomtazama kama kaka. Akafikiria leseni, na ile bunduki, na vicheko.

"Huyu mama hana kosa," akasema. "Nyati alikuwa na jeraha. Nilimpiga mimi. Nikamwambia Mogesi, nimempata, twende tufuate damu. Yeye... Yeye ndiye aliyesema tumwache."

Kikao kiliguna. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Steven akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea magotini. "Kumbe kaka aliacha damu," alisema taratibu. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo ambalo lingeweza kuwekwa juu ya kaburi la Mogesi.

Nyangi akaachiwa. Watu walimpiga Enock mgongoni, wakamwita mkweli. Kikongwe alipompita hakushukuru. Alisimama, akamnong'oneza sikioni:

"Umeniokoa mimi. Yeye je?"

Enock alilala usingizi mzito usiku ule, na akaona aibu kwa kulala. Jumapili alikwenda kanisani. Nusu ya deni la dhamiri imelipwa, alijifariji. Aliporudi, jua likiwa utosini, alimkuta Dorka chumbani ameshika shuka.

"Baba Happy," Dorka akasema, hana wasiwasi wowote, "hizi nyasi za kitandani umezileta za nini?"

Unyasi mmoja. Mwekundu, mrefu. Ulikuwa upande wake wa kitanda, pale anapolaza bega la kushoto.

Mafundo mawili.

Enock alikaa sakafuni. Simu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa bado haijachelewa, alifikiri. Angesema kweli yote, sasa hivi. Akampigia Steven. Simu iliita mara moja tu.

"Kaka! Ni vizuri umepiga," Steven alisema, anahema kama mtu anayetembea haraka. "Tumeamka tumekuta mafundo mawili mlangoni. Tukaona nyasi nyingine za fundo moja njiani, tukazifuata kwa lori. Tumeshapita Nyarero, tumeshuka tunatembea. Zinakuja huko kwenu mjini. Ni mnyama gani kaka, umemwona?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wengi, na chuma kinachosuguliwa kwenye jiwe. Walikuwa wananoa visu.

"Steven." Enock aliibana simu sikioni. "Kaka yako hakuacha damu. Aliniuliza kama nimempata. Nikasema sijampata. Mimi ndiye niliyeogopa kutangulia. Mimi. Unasikia?"

Jiwe likaacha kusugua.

"Nani amekuambia useme sasa?" Steven akauliza polepole.

Enock alikuwa anatazama shati lake la kanisani. Nyuma ya bega la kushoto lilikuwa linaloa, taratibu, bila maumivu yoyote, na tone la kwanza likadondoka sakafuni mbele ya Dorka.

Siku hizi Enock hayupo, na Dorka hapendi kuulizwa yuko wapi. Bunduki ya mumewe aliirudisha yeye polisi. Askari aliyeikagua alichungulia mtutuni, akaingiza waya, akavuta kitu. Ulikuwa unyasi mwekundu, mbichi, umefungwa fundo moja. Aliuweka mezani, ukajigeuza polepole, ncha ikaelekea mlangoni.