Kipande Kisichopandwa

Walikutana kwenye foleni ya duka la kuchapishia karatasi, watu wamebanana, mashine inakohoa. Msimamizi wa bonde la mto unaokata mji aliona mbele yake mwanamke mwenye gauni la manjano lililopigwa pasi likakubali, na chini yake mabuti ya mpira yenye tope.

"Dada, hayo mabuti na gauni hilo yamejuana lini?"

"Yamejuana bondeni kwako, bwana mkubwa. Yule mtafiti wa mimea uliyemnyima kibali mara mbili ndiye mimi."

Foleni nzima ikacheka. Kibali kikatoka kesho yake.

Miaka mitatu wakalifufua bonde bega kwa bega: mtafiti akipima, msimamizi na vibarua wake wakipanda miti ya asili. Simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi lako."

Mama yake mtafiti akaanza kumwita mkwe.

Sasa bondeni palikuwa na kipande kimoja, mtafiti amekizungushia vigingi vyeupe, magugu yamefika kiunoni. Kilimkera msimamizi. Alidhani mwenzake kazidiwa na kazi. Kuuliza akaona haya. Mwenye bonde aulize maana ya magugu? Mtafiti alipokwenda kumwona mama yake, msimamizi akaingiza vibarua, wakang'oa yote, wakapanda miche mia. Kisha akapiga simu.

"Rudi haraka, mpenzi, nina zawadi yako."

Mtafiti akarudi. Akasimama, mkoba ukamponyoka.

"Nani kagusa hapa?"

"Mimi. Kwa ajili yako."

"Hiki kilikuwa cha kulinganishia! Nilikiacha makusudi, nione kama kazi yetu ndiyo inayoiponya ardhi au ardhi ingejiponya yenyewe. Sasa nitathibitisha nini? Miaka mitatu! Si ungeniuliza?"

"Si ungeniambia?"

Wakanuniana wiki tatu. Mwishowe msimamizi akapiga hodi kwake, shati jeupe, pete mfukoni. Akakuta sanduku limeshafungwa.

"Nisamehe. Tuoane."

"Nilishakusamehe. Lakini kazi naianza upya, bonde jingine, mbali. Nikibaki hapa, kila nikifungua dirisha nikaliona bonde, nitakulaumu. Heri nikupende kwa mbali kuliko nikuchukie mezani."

"Hata nikikungoja?"

"Usiningoje, baba. Utazeeka bure."

Akambebea sanduku hadi kwenye teksi. Dereva akafungua mlango wa pili.

"Shemeji, na wewe unapanda?"

"Hapana, ndugu yangu. Mimi nasindikiza tu."