Faili la Bibi Masjala

Haya yalimpata rafiki yangu, karani wa masjala ya hospitali, na yeye si mtu wa kutunga. Walipoletewa kompyuta, alipewa kazi ya kumfundisha Bibi Masjala, mkongwe aliyelijua kila faili kwa jalada lake. Bibi alidonoa vitufe kwa kidole kimoja kama kuku, na kila alipofunga faili la marehemu aliongeza neno lisilotakiwa: “Poleni.”

“Bibi, samaki mkunje angali mbichi,” rafiki yangu alimwambia siku moja mbele ya watu. Wakacheka. Bibi naye akacheka, kidogo.

Baada ya miezi miwili Bibi alilazwa wodi ya ghorofani, akafariki. Faili lake likaletwa lifungwe. Rafiki yangu alikaa nalo tangu asubuhi, mikono imemgomea.

Alasiri umeme ukakatika. Masjala haina dirisha. Katika giza lile akasikia, mezani kwa Bibi: ta. Kimya. Ta. Kimya. Ta.

“Bibi,” akasema, “nisamehe.”

Sauti ikatulia kitambo, kisha ikaendelea.

Umeme uliporudi, akawasha kompyuta. Faili la Bibi lilikuwa limeshafungwa, saa ile ile ya giza. Chini kabisa pameandikwa: “Pole, mwanangu.”