Divai Iliyokuwa ya Kaburi

Mnanisumbua na habari hii kila tukikutana, kana kwamba sina maharage jikoni. Haya, naiandika mara moja, someni wenyewe mniache.

Ilianza na harufu. Jumapili baada ya ibada, kwa Gaudiosi, pale Black Rock, mtaa wetu hapa Buffalo, sebule ilinuka udongo uliolowa, na nje ni theluji tupu. Wageni wa posa walidhani bomba limepasuka.

Posa ilikuwa ya Silvano, kwa Delfina, binti Gaudiosi. Silvano alikua yatima kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akala ugali wa Gaudiosi mpaka akaota ndevu. Huku Marekani alipata kazi Louisville, kumtunza mzee Mfaransa asiye na mtoto. Mzee alikuwa na chupa moja ya divai nyekundu, ya mwisho kutoka shamba la mizabibu la ukoo wake, shamba ambalo watawa walilizungushia ukuta wa mawe karne nyingi nyuma, na sasa limeshauzwa. Akamwapisha Silvano: nikifa, imwage yote kaburini kwangu. Silvano akaapa. Mzee akafa. Chupa ikaja Buffalo kuwa kinywaji cha posa, maana bwana alitaka aonekane mtu.

Kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza, mwenye nyumba akimwona, ndipo kinapokelewa. Silvano alilowesha midomo tu, akaifuta kwa leso. Alijua ni mali ya nani. Kisha akamjazia glasi mtu aliyemlea.

Gaudiosi akanywa, akasifu, akainama avue viatu. Hakuinuka. Chini kwenye besimenti, chumba kilicho chini ya nyumba, ambako hapakuwa na mtu, tukasikia miguu ikikanyaga kitu kilicholowa, chwa, chwa, kama watu wanaokamua ndizi za pombe, na ile harufu ikapanda ngazi ikaingia kwenye mapazia na kwenye nywele zetu, na midomo ya Gaudiosi ikawa myeusi, na mikono yake ikapoa mpaka Angelika, mama wa maombi aliyekuwa ameishika, akaifunika kwa kitenge chake.

Angelika akauliza kwa sauti ya chini ni nani huyo. Mdomo wa Gaudiosi ukafunguka, ikatoka sauti ya kizee, ya mtu mwingine.

"Nimelala na kiu, Silvano. Nilikuachia nilichokipenda kuliko vyote, ukakigawa. Sasa nipe unachokipenda wewe, au huyu namchukua."

Silvano alilia, akakiri yote. Kisha, kijana tuliyemlea, akanyoosha kidole kwa Delfina.

"Mchukue huyu," akanong'ona. "Ndiye ninayempenda."

Besimenti ikanyamaza, kama wanaokanyaga wamesimama kusikiliza. Delfina alikuwa bado na gauni la posa. Hakupandisha sauti.

"Mimi si chupa, Silvano. Baba yangu anakufa kwa ajili yako. Lipa na chako."

Angelika akamimina kwenye glasi mashapo yaliyobaki chupani, akampa Silvano. Kunywa ulichokwepa, alimwambia. Silvano akatutazama mmoja mmoja, hakuna aliyemsogelea. Akanywa mpaka tone la mwisho.

Gaudiosi akapiga chafya, akauliza nani kamvua kiatu kimoja akaacha kingine.

Silvano yuko Columbus sasa, kwa kaka yake Zenoni. Delfina hamtaki hata kwenye simu. Zenoni anasema hafanyi kazi, anashinda kwenye bomba la jikoni, anakunywa mpaka anatapika, midomo imepasuka, na bado anaomba maji. Madaktari hawajaona kitu. Mzee wa Louisville amelala vizuri. Kiu yake anayo Silvano.