Ngano Iliyotiwa Dawa

Sisi ni wakulima wa ngano. Msimu ule stoo yetu ilikuwa inavuja, kwa hiyo mume wangu aliweka mfuko wa mbegu jikoni, chini ya meza. Mfuko ulikuwa na picha ya suke la ngano, kama lile la kwenye pakiti za unga. Nani asiyelijua suke? Mtu akiliona, moyo unamwambia hapo pana chakula.

Siku moja nilitoka sokoni nikakuta beseni la maji mekundu mlangoni.

"Mama, umeosha nini?" nilimuuliza mama mkwe.

"Ngano. Ilikuwa na kirangi. Nimeisugua ikatakata kama meno yangu ya usichana!" Akacheka. "Nimeipika. Mimi nilikuwa nakungoja wewe, lakini mjukuu wangu Kipusa keshakula. Tena mfuko umeandikwa ngano imetiwa dawa. Si anakohoa huyu? Acha apate dawa."

Nilipiga ukelele. Jirani yetu, anayeuza mbegu na mbolea, alikuja mbio na kiatu mguu mmoja.

"Mama, hiyo si dawa ya kutibu!" alisema. "Ni ya kuua wadudu na ukungu shambani. Ni sumu!"

"Lakini nimeiosha, mwanangu."

"Umeosha rangi tu. Sumu bado imo. Na kuchemsha hakuiondoi."

Mama mkwe alinyakua kikombe cha maziwa ampe mtoto.

"Usimpe!" jirani alimzuia. "Wala msimtapishe. Twendeni hospitali sasa hivi. Na mfuko tuubebe, daktari ajue ni sumu gani."

Nilimbeba mwanangu. Jasho lilikuwa linamtoka, na tumbo limeanza kumkata.

"Mama, mbona unalia?" aliniuliza. "Mimi nimekula chote, sikubakiza."

Hospitali daktari alisoma mfuko, akaingia na mtoto ndani. Mlango ukafungwa. Mama mkwe akakaa sakafuni.

"Nimemuua mjukuu wangu," alisema.

Nilitaka kumwambia anyamaze. Nikakaa sakafuni kando yake.

Mwishowe daktari alitoka. "Mmewahi," alisema. "Na huu mfuko umetusaidia sana. Atalala hapa tumwangalie."

Mwanangu alipona. Ngano iliyopikwa tuliifukia mbali na kisima, kuku wasije wakadonoa. Mbegu iliyobaki ilipandwa yote. Mfuko wenyewe hatukuutia kitu kingine. Sasa mbegu inakaa nje, ndani ya pipa lenye kufuli.

Msimu huu mume wangu alipoleta mbegu, alimkuta mama yake amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, nipishe, hii dawa nzito."

"Sema sumu! Na ipite huko nyuma, humu ndani haiingii."

Mume wangu akazunguka nyumba na mzigo wake kichwani.

Nawe dada unayesoma, mbegu yako umeiweka wapi? Nani yuko nyumbani na mtoto saa hizi? Acha kusoma kwanza, nenda ukaangalie.