Niliipenda Bei, Mama Akapoteza Mguu

Nina miaka thelathini na sita, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili. Nyumbani ni karibu na Birongo. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na mama. Kaka zangu walienda zao, mmoja Nakuru, mwingine Mombasa, wakaniachia kazi hiyo. Nikajiona nimepewa heshima. Leo sijui kama nastahili hata kuitwa mwana...

Mama ni mjane. Amechuma chai tangu nikiwa mgongoni mwake. Miaka michache iliyopita alipatikana na ugonjwa wa sukari, na ugonjwa huo ukamshukia miguuni. Alisema nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa, lakini ngozi yenyewe ilikuwa imekufa ganzi. Angeweza kukanyaga msumari asijue! Macho nayo yalishaanza kuingia ukungu.

Dawa za hospitali alimeza, lakini kilichompa raha ni mafuta ya mkaratusi. Tuliyapata katika duka moja la dawa mjini Kisii. Muuzaji alinieleza vizuri kabisa: matone machache tu ndani ya kijiko cha mafuta ya parachichi, kisha mama ajisugue, na asipake penye kidonda. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, ndogo kama kidole gumba. Bei yake, ndugu zangu, ilikuwa inauma.

Mimi nimeajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Nauza misumari, mabati na rangi. Kila chupa ilipoisha nilinung'unika. Nilipe hela zote hizo kwa majani? Si mikaratusi imejaa hata kwenye mpaka wa shamba letu?

Nilimweleza rafiki yangu Momanyi shida hiyo. Laiti ningenyamaza!

Mimi na Momanyi tulitahiriwa siku moja, tukauguza vidonda vyetu katika nyumba moja. Kwetu mtu kama huyo ni zaidi ya ndugu. Alikuwa na meza ya kuuzia dawa za miti na mafuta ya kila aina kando ya barabara pale Keumbu. Alinicheka sana. Akanionyesha chupa kubwa ya plastiki iliyokuwa imeanikwa juani na zenzake, akasema hiyo nzima ni kwa bei ya ile ndogo yangu ya mjini.

"Wewe unalipia kioo, bwana," akaniambia. "Nusa mwenyewe!"

Nikanusa. Machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, haya sasa ndiyo mafuta, haya yana nguvu! Sikuuliza yametengenezwa wapi. Sikuuliza ndani yake kuna nini. Akaongeza kwamba haya hayana haja ya kuchanganywa na kitu, mama ajipake tu hivyo hivyo. Nilibeba ile chupa hadi nyumbani nikijiona mjanja kuliko watu wote wa Birongo.

Mke wangu, Kemunto, ni mwalimu huko Kenyenya na huja nyumbani mwisho wa wiki. Alipofungua kifuniko tu, akakunja uso.

"Baba Kerubo, hii inanichoma pua. Haiko kama ile ya kwanza."

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia kama anataka ya kioo, mshahara wake upo, akanunue. Kemunto akakirudisha kifuniko. Mpaka leo hajanikumbusha maneno hayo, na kimya chake kinaniumiza kuliko kama angenitukana.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa maana ndipo penye uchungu wangu wote. Sisi Abagusii tuna ensoni, ile haya na heshima kati ya mzazi na mtoto. Mwanamume akishatahiriwa haingii chumba cha mama yake, wala hamtazami mama miguu ikiwa wazi. Kwa hiyo mafuta nilikuwa nayaacha mezani sebuleni. Jioni nilisimama mlangoni nikauliza, mama, umepaka? Naye akajibu kutoka ndani, nimepaka mwanangu, ubarikiwe. Nikaenda zangu kula nimeridhika!

Alijipaka mwenyewe, kwa vidole ambavyo havikuhisi vizuri, kwenye nyayo zisizohisi kabisa. Kisha akavaa soksi. Mafuta yalikuwa yanamla ngozi na hakusikia lolote... Baadaye soksi ikaanza kulowa, akadhani ni mafuta yamezidi. Nyumba nzima ilinuka ile chupa, hata uani. Kwa hiyo harufu ya kidonda hakuna aliyeisikia. Nilikuwa nawasifia wageni kwamba mama yangu siku hizi ananukia!

Sisi ni Wasabato. Kabla ya Meza ya Bwana huwa tunatawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake chumba chao. Mama hajawahi kukosa ibada hiyo, na mwenzake siku zote ni Kemunto. Sabato ile nilikuwa nimeinama nimeshika miguu ya mzee mmoja wa kanisa, niliposikia mke wangu akipiga yowe upande wa pili.

Alikuwa amemvua mama soksi, nayo imetoka na ngozi.

Mama alikuwa anauliza tu, kuna nini? Mbona mnalia? Hakujua! Alikuwa ameketi na mguu wake juu ya beseni, hajui!

Tulimkimbiza hospitali. Daktari alitazama, akatikisa kichwa, akauliza mgonjwa amekuwa akipaka nini. Nilimpelekea ile chupa kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe, nikidhani ataona jinsi nilivyomtunza mama. Akainusa mara moja.

"Hii si tapentaini?"

Tapentaini... Ile ya kuchanganyia rangi. Mimi huiuza kila siku! Nimeizoea mpaka pua yangu haiitambui tena. Kumbe kwenye ile chupa mkaratusi ulikuwa wa kudanganyia tu.

Mguu wa kulia ulikuwa umeoza hadi kwenye mfupa. Daktari alisema uchaguzi ni mguu au maisha. Kaka zangu kwenye simu walisema niamue mimi, si mimi ndiye ninayekaa na mama? Nikaamua. Ukakatwa chini ya goti.

Mama aliomba jambo moja tu, mguu wake usiachwe huko na watu asiowajua. Nikaurudisha nyumbani, nikachimba mwenyewe kati ya migomba, nikaufukia. Sijui niwaelezeje kazi ile. Hakuna wimbo wa kuimba wala sala iliyoandaliwa kwa ajili ya mguu wa mama yako.

Nilimfuata Momanyi Keumbu. Nilitaka akane, nimpige. Hakukana! Alisema kila mtu anachanganya, tena wateja ndio wanaolia bei.

"Ulitaka ya bei rahisi, nikakupa ya bei rahisi," akasema. "Na hiyo tapentaini, mimi huinunua wapi? Si kwako dukani?"

Ni kweli. Alikuwa akija, namjazia kibuyu chake cha plastiki, tunataniana, ananiambia anapaka rangi nyumba ya shemeji yake. Kwa mikono yangu nilikuwa nampimia! Nikageuka nikaondoka bila hata kumgusa. Nilipopeleka malalamiko kwa wakubwa wa serikali niliulizwa risiti iko wapi. Risiti gani ya rafiki? Mpaka ninapoandika haya, meza yake ipo, na watu wananunua.

Ndugu wasomaji, sisemi kila cha bei kubwa ni kizuri. Wapo wanaotoza sana na kuuza uchafu. Ninachowasihi ni kwamba msinunue mafuta haya kwa pua wala kwa urafiki. Muuzaji asiyeweza kukwambia ndani ya chupa kuna nini na unapakaje, mwache na chupa yake. Na kama una mzazi mwenye sukari, tafuta mtu wa kumtazama nyayo kila siku, binti, mkwe, jirani, yeyote. Kama hakuna, tazama mwenyewe! Ensoni yangu ilimlindia mama heshima, ikamnyima mguu.

Siku hizi naingia chumbani kwake. Sijali watu watasema nini. Asubuhi namfungua bandeji, namsafisha, namfunga tena. Lakini kuna jambo ambalo daktari alisema huwapata wengi waliokatwa viungo. Mama huniita, ameshika shuka kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Mwanangu, ule mguu wa kulia unawaka. Nipake kidogo."

Mafuta yapo, yale ya kioo cheusi, nilinunua bila kuuliza bei. Huwa nafungua kifuniko, nachanganya kama nilivyoelezwa, kisha nabaki nimepiga magoti pale kitandani na kijiko mkononi... Nipake wapi?